Taare Zameen Par ikitazamwa Nakivale

Filamu ya Kihindi inayoitwa Taare Zameen Par ilitoka Desemba 2007, na mpaka leo inapita hapa kambini kwa flashi, kutoka simu hadi simu. Watu wanaisifu sababu inaliza. Na mimi naisifu, ila si kwa machozi, na kuna mahali naona inatudanganya.

Kisa ni hiki. Ishaan ni mtoto wa shule ya msingi ambaye herufi hazitulii mbele ya macho yake. Anageuza b kuwa d, neno moja analiandika kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Kaka yake Yohaan ni wa kwanza darasani, kwa hiyo baba anaona huyu mdogo ni mvivu na mtukutu, basi anamtupa shule ya bweni. Huko anakuja mwalimu wa sanaa, Nikumbh, anayechezwa na Aamir Khan mwenyewe aliyeiongoza filamu. Mwalimu huyu utotoni alikuwa na shida hiyohiyo, ambayo wataalamu wanaiita disleksia.

Kitu cha kwanza anachofanya Nikumbh ni kuchukua madaftari ya mtoto na kuyasoma yote. Si kusahihisha, kusoma. Anagundua kwamba makosa yana mpangilio, yanarudi yaleyale. Hapa kwetu daftari likijaa alama nyekundu tunasema kichwa chake hakishiki, mambo yameisha. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia kwenye darasa moja simlaumu, atasoma madaftari mangapi? Lakini sisi wa vikundi vya vijana, tunaokaa na watoto kumi au kumi na tano jioni, muda huo tunao.

Kisha kuna ile sehemu ya boksi. Nikumbh anakwenda nyumbani kwa wazazi, anampa baba boksi lenye maandishi ya nchi ya mbali huko Asia, anamwambia asome. Baba anashangaa, atasomaje lugha asiyoijua? Mwalimu anamrudishia maneno yake mwenyewe: basi wewe ni mtundu, hutaki kujaribu. Kwa mtazamaji wa Mumbai huo ni mfano tu wa kueleza disleksia. Kwa Nakivale si mfano. Watoto wetu wanapewa boksi hilo kila asubuhi.

Angalia mtoto aliyeanza shule Bukavu kwa Kifaransa, nyumbani wanaongea Kiswahili na Mashi. Anafika Isingiro. Madarasa ya chini ya Uganda tangu 2007 yanatakiwa kufundisha kwa lugha ya mahali, na lugha ya mahali hapa ni Runyankore. Kuanzia P.4 ni Kiingereza, na mtihani wa PLE wote ni Kiingereza. Ana miaka 13, anawekwa P.2 katikati ya watoto wa miaka saba. Mwalimu anataja herufi kwa Kiingereza, mtoto aandike. Sasa sikiliza: jina la herufi E kwa Kiingereza linasikika kama jina la herufi I kwa Kifaransa. Na G na J? Kwa Kifaransa G inatamkwa karibu na "je" na J ni "ji". Kwa Kiingereza G ni "ji" na J ni "jei". Zimepinduka! Mtoto akiandika J mahali pa G hajakosea kwa masikio yake, ameandika alichofundishwa. Lakini kwenye daftari litaonekana kosa kama la Ishaan.

Kwa hiyo filamu hii ikionyeshwa kwenye semina bila maelezo, watu wanatoka wanaona disleksia kila kona. Na upande mwingine ni mbaya zaidi: mtoto mwenye disleksia ya kweli tunasema "ni lugha tu, atazoea", miaka inapita, anaacha shule. Njia ya kuanza kutofautisha si ngumu sana. Mpime kwa lugha yake. Kama alishafundishwa kusoma Kiswahili au Kinyarwanda vizuri na sasa anasoma bila taabu, shida ni Kiingereza. Lakini ujue Kiswahili kinaficha. Sababu kila herufi yetu ina sauti yake, mtoto mwenye disleksia anaweza kufika mwisho wa sentensi bila kosa, ila anatambaa, silabi kwa silabi, wakati wenzake walishamaliza. Usihesabu makosa tu, angalia na saa.

Pia si kila mtoto anayebaki nyuma ni Ishaan. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba karibu mtoto 1 kati ya 4 waliougua malaria ya kichwani bado alikuwa na upungufu wa akili au kumbukumbu miaka 2 baadaye. Kambini kwetu nani hajui mtoto aliyeshikwa na degedege? Muulize mama kabla ya kumwita mtoto mjinga. Na kumwambia mama "mpeleke Mbarara" si jibu. Hospitali kubwa ya Mbarara itamsaidia wa degedege, lakini kusoma hakupatikani kwenye dirisha la dawa.

Sasa pale filamu inapotudanganya. Mwishoni kuna mashindano ya kuchora, Ishaan anashinda shule nzima, picha yake inawekwa kwenye jalada la kitabu cha mwaka. Wote wanapiga makofi. Mashirika yanapenda sana mwisho wa namna hii, eti kila mtoto ana kipaji, leteni ngoma, leteni kuchora, tupige picha. Na yule ambaye hajui kuchora, hajui mpira, hajui kuimba? Yeye hana haki ya kusoma? Kazi ya kweli ya Nikumbh ilifanyika kabla ya mashindano, na inapita haraka ndani ya wimbo mmoja: herufi kwenye mchanga, herufi kwa udongo wa kufinyanga, hesabu kwenye ngazi, masaa machache kila wiki. Mchanga Nakivale haununuliwi.

Jambo lingine Nikumbh anamwomba mkuu wa shule mtoto apimwe kwa mdomo. Hapa Uganda kuna mlango unaofanana na huo. Bodi ya mitihani, UNEB, inawaongezea dakika 45 kwa kila karatasi watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na wenye disleksia wamo kwenye orodha yao. Lakini shule lazima imtaje mtoto wakati wa kuandikisha. Wazazi wangapi wa Juru au Rubondo wanajua hilo? Mtoto akifika P.7 bila mtu aliyesoma daftari lake, nani atamtaja?

Sehemu ninayoipenda zaidi haina muziki mwingi. Baba amekuja shuleni kumwambia mwalimu kwamba wao wazazi wanajali, mama amesoma habari za disleksia kwenye intaneti. Akiwa anaondoka anamwona Ishaan amesimama mbele ya ubao wa matangazo, peke yake, anajaribu kusoma, midomo inahangaika. Baba anageuka, anaondoka analia. Hajaambiwa chochote, ameona tu kwamba mtoto anajaribu. Siku tulipoitazama na wazazi wachache hapa New Congo, hapo ndipo papa mmoja aliomba turudishe nyuma aone tena. Nikipewa dakika kumi tu za kuonyesha, ningeonyesha hiyo, halafu ningezima kabla ya mashindano.