Mgeni Aliye Ndani: Schlingensief na Kanisa la Hofu

Mfasiri anayetaka kulitia katika Kiswahili jina la mchezo wa Christoph Schlingensief, Eine Kirche der Angst vor dem Fremden in mir, hukwama njiani. "Kanisa la hofu" halina taabu. Taabu i katika neno Fremden, ambalo kwa umbo lake hapo laweza kuwa mtu, na laweza kuwa kitu. Ngeli zetu hazituruhusu kukaa katikati: ama tuseme "mgeni aliye ndani yangu", ama "kitu kigeni kilicho ndani yangu". Na mchezo mzima umesimama juu ya utata huo.

Kitu ni saratani ya mapafu, iliyogunduliwa mapema mwaka 2008, mtunzi akiwa na miaka 47. Pafu moja likaondolewa. Septemba ya mwaka huo aliuonyesha mchezo huu Duisburg, katika kiwanda cha chuma cha zamani, ndani ya mfano wa kanisa la Oberhausen alikotumikia altareni utotoni. Sauti aliyojirekodi akiugua ilisikika humo, ikilia na kuhoji.

Mtu naye alikuwa amemwandama tangu zamani. Katika filamu yake ya mwaka 1990, Ujerumani mbili zilipoungana, jamaa wa Magharibi wanawachinja wenzao wa Mashariki wavukao mpaka na kuwafanya soseji. Mwaka 2000, mjini Vienna, aliwaweka watafuta hifadhi ndani ya makontena kando ya jumba la opera, chini ya bango la kutaka wageni watoke, na umma ukaalikwa kupiga kura nani afukuzwe.

Wako waliosema kwamba aliuuza ugonjwa wake. Mimi naona hatari nyingine. Kumfananisha mgeni na uvimbe ndiyo lugha ya wabaguzi wenyewe. Schlingensief anaokoka kwa kuwa altareni hakumweka mgeni, ameiweka hofu. Yeye aliyewakejeli wapigao kelele "toka!" sasa anamwomba Mungu neno lilo hilo, tena kwa haki. Kejeli imepoteza pa kusimama, na ukweli umepata.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hakumponya, alifariki 21 Agosti 2010. Mwaka 2011 kanisa lake lilijengwa ndani ya banda la Ujerumani huko Venice, likatunukiwa Simba wa Dhahabu. Taifa alilolisumbua likaingia kuketi katika hofu yake.