Weusi wa udongo si ubora wake

Inaniuma kuona watu hapa Kasongo wakizunguka gunia la udongo wa kupandia na kulisifu: “Tazama ulivyo mweusi, una rutuba huo!” Nilitia mkono ndani ya gunia moja la namna hiyo. Ulikuwa udongo mwekundu wa kilimani, umechanganywa na vumbi la makaa na kunyunyiziwa maji ili uonekane mnono. Lengalenga ikipandwa humo itadumaa.

Udongo wetu mwekundu haufai peke yake ndani ya bidoni lililokatwa. Ukilowa unashikamana, ukikauka unanywea na kuachana na ukuta wa chombo, kisha maji yanapita pembeni na kutoka chini upesi. Asiyejua kazi anafurahi kwamba unapitisha maji vizuri, kumbe mizizi imebaki na kiu.

Kipimo cha mchanganyiko unaofaa ni ndoo mbili za udongo wa juu wa kichakani, ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyolala miezi mitatu, na ndoo moja ya makapi ya mpunga yaliyochomwa. Samadi ikiwa bado inanuka, irudi kivulini. Mchanga sitaki kuuona. Udongo wa kichuguu waachiwe wafyatua matofali.

Kazi yote iko kwenye makapi, na hapo ndipo wengi hawatazami. Kapi bichi huja na punje zinazoota ovyo, na linapooza hunyang’anya miche naitrojeni. Lililoungua mpaka likawa jivu huziba udongo, na likizidi chumvi zake huunguza vijizizi. Tunataka la katikati. Washa moto ndani ya kopo lililotobolewa matundu, rundika makapi kulizunguka, na weusi ukianza kutokeza kwa nje uyageuze kwa beleshi. Kabla rundo halijapata rangi ya kijivu, litandaze na ulimwagie maji papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, limekwisha.

Karibu moja ya tano ya uzito wa kapi ni majivu, na karibu yote ni madini ya silika; ndiyo maana likichomwa kwa ustadi halipotezi umbo. Chukua udongo kidogo, utandaze kiganjani, uupulize. Makapi yabaki mazima, meusi, yamejikunja kama vimtumbwi. Katika uwazi huo ndimo hewa na maji hukaa. Vumbi la makaa linaiga rangi; umbo hilo haliwezi.

Mzee mmoja aliyeotesha miche ya michikichi hapa hakuondoka kwenye rundo lake likiungua, hata akiitwa kula. Vijana wa leo huliwasha jioni wakaenda kulala, asubuhi wanazoa jivu na kuliuza.

Na mji huu ulijua bustani. Watu wa pwani waliofuatana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, ndio walioleta mpunga huku, na Sidney Hinde, daktari aliyeingia Kasongo mwaka 1893 na jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoongozwa na Dhanis, aliandika kwa mshangao juu ya mashamba na miti ya matunda aliyoikuta. Mpunga bado tunao, na makapi yamejaa nyuma ya kila mashine ya kukoboa, bure.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa, omba kiganja kimoja cha udongo na ukipulize mbele ya muuzaji. Usipoona kapi zima, mwachie gunia lake.