Kuuliza Kabla ya Kuamuru

Reli ya kutoka Nakuru hadi Kisumu ina kilomita 217. Ipunguze mara 87, kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi wa treni ndogo duniani, na bado utabaki na kilomita mbili na nusu. Chumba cha kupanga Manyatta, mtaa wa Kisumu, ni futi kumi kwa kumi, na humo kuna kitanda. Mjenzi basi hana budi kuchagua. Mwenye busara ataiacha Londiani na Fort Ternan, ayaache na yale madaraja 27 ya chuma yaliyotengenezwa na kampuni ya Kimarekani kuivusha reli kwenye mabonde ya Mau, abaki na mkia wa njia: Kibos, stesheni ya Kisumu na gati. Mkia huo unamtosha. Ndipo Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, alipogongelea kabari ya mwisho tarehe 20 Desemba 1901. Ndipo pia mabehewa yanapopanda MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 ambayo sitaha yake imetandikwa reli.

Kazi ya mbao, gundi na rangi imekwisha kusifiwa vya kutosha. Ufundi unaostahili kutajwa hapa uko chini ya meza, kwenye nyaya zinazoifanya kompyuta izungumze na reli.

Kwa miaka mingi treni ndogo iliendeshwa na transfoma peke yake. Unazungusha kifundo, volti zinapanda, na kila injini iliyo juu ya reli inaondoka. Ukiweka injini mbili, zote mbili zinatii amri moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani Bernd Lenz alibuni njia nyingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wajenzi wa treni ndogo cha Marekani kikaifanya kuwa kanuni. Umeme unabaki reli nzima wakati wote, ila unageuzwa upande, huku na huku, kwa kasi kubwa. Urefu wa kila mgeuko ndio ujumbe: sehemu 58 kati ya milioni za sekunde ni 1, sehemu 100 ni 0. Reli zile zile zinazobeba nguvu zinabeba na maneno.

Ujumbe mmoja unaweza kuandikwa kwenye kiganja. Tarakimu nane za kwanza ni anwani: 00000011, yaani injini namba 3. Nane za pili ni amri: 01110100, nenda mbele, hatua ya 6 kati ya 28. Nane za mwisho, 01110111, ni mlinzi tu. Pandanisha safu mbili za kwanza. Tarakimu zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1, na utampata mlinzi huyo. Dikoda iliyo ndani ya injini hurudia hesabu hiyo kila inapopokea ujumbe. Majibu yakipingana, labda kwa sababu gurudumu lina vumbi, ujumbe unatupwa. Hakuna hasara, maana mtambo unaotuma ujumbe hurudia amri zake bila kuchoka.

Wa kutuma ujumbe si lazima awe mtambo wa bei kubwa. Bodi ya Arduino, bodi ya pili ya kuendesha mota na waya wa USB vinatosha. Programu ya kuvitia uhai inaitwa DCC-EX, na chimbuko lake ni kazi aliyoitoa Gregg Berman mwaka 2015. Kwenye kompyuta unaandika t 3 40 1 katikati ya mishale miwili, na injini namba 3 inang'oa nanga. Fundi wa simu wa Kondele, ambaye kutwa nzima analehemu vitu vidogo kuliko hivyo, hataona ajabu yoyote.

Juu ya hapo kuna JMRI, programu ya bure iliyoanzishwa karibu mwaka 2000 na Bob Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley. Inachora ramani ya reli kwenye skrini, inapanga ratiba, inageuza pointi. Imeacha alama hata mahakamani: mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen mwenyewe, iliamua kwamba masharti ya leseni ya programu huria yana nguvu ya sheria ya hakimiliki. Wanaoona treni ndogo kuwa mchezo wa watoto waisome hukumu hiyo.

Lakini kuamuru ndiyo sehemu nyepesi. Kompyuta inaweza kuiamuru mchana kutwa treni iliyolala ubavu sakafuni, na isijue. Stesheni masta kwenye njia ya reli moja hafanyi hivyo. Hairuhusu treni iondoke mpaka mwenzake wa mbele akubali kwamba kipande kilicho kati yao ni kitupu. Kuifundisha kompyuta kuuliza namna hiyo ndiko kunakomtenganisha fundi na mchezaji.

Reli hukatwa vipande kwa msumeno mwembamba, kila kipande kikapewa waya wake. Waya huo hupitishwa ndani ya koili ndogo inayohisi mkondo. Injini ikiingia inakula umeme, na koili inatoa taarifa. Lakini behewa halili umeme. Likikatika nyuma ya treni kompyuta itaona kipande ni kitupu, kisha itatuma treni nyingine ije iligonge. Dawa yake ni rezista ya ohmu 10,000, ndogo kuliko punje ya mchele, inayobandikwa kwenye ekseli ili behewa nalo lile kidogo na lijulikane. Ni kazi ya kuinama juu ya kila ekseli, na hakuna mgeni atakayekuja kuisifu.

Magurudumu machafu yanaleta udhia wa pili: taarifa inawaka na kuzima ovyo, kana kwamba treni inaingia na kutoka mara kumi kwa sekunde. Mafundi wazoefu wana kanuni isiyo na usawa, na ni sahihi. Habari ya kuingia huaminiwa papo hapo, ya kutoka husubirishwa kidogo kwanza.

Halafu stima inapotea. Laptopu ina betri, reli haina. Stima ikirudi, koili zitasema kipande cha Kibos kina treni, lakini haziwezi kusema ni ipi. Jina la treni liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta peke yake, inayolihamisha kutoka kipande hadi kipande kadiri treni inavyosogea. Ikiwa gizani mtu alinyanyua injini moja na kuipangusa, kisha akairudisha penye nafasi, kompyuta itaendelea kwa imani kamili na jina lisilo lake. Wengine hubandika vibandiko vya kusomwa kwa redio chini ya mabehewa. Wengine huandika programu isiyoruhusu chochote kusogea mpaka mwenye reli athibitishe kwa macho yake, treni moja moja. Njia hii ya pili ni ya polepole, na ndiyo bora, kwa sababu inakiri mipaka ya koili.

Gati ndiyo ngumu kuliko yote. Mabehewa yakipangwa upande mmoja wa sitaha meli inainama, kwa hiyo programu inapaswa kukumbuka kila reli ya melini ina mabehewa mangapi, na kukataa amri ya kuongeza kulia kabla kushoto hakujalingana. Mpaka hapo mjenzi hajapaka rangi hata kilima kimoja cha Nandi.