Achari ya Embe Katika Banda la Sabasaba

Achari ya embe inayouzwa Sabasaba hutengenezwa nusu mwaka kabla. Msimu mkubwa wa embe katika pwani ya Tanzania huwa kati ya Novemba na Februari, ilhali Sabasaba, yaani Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, hufunguliwa mwishoni mwa Juni na kujaa watu zaidi Julai 7, siku ya mapumziko. Mzalishaji mdogo anayengoja tangazo la maonesho ndipo atafute embe mbichi hukuta zimeadimika, bei imepanda, na jua kali la kaskazi la kuanikia limekwisha.

Kwa hiyo kazi huanza Desemba au Januari. Embe hukatwa vipande pamoja na maganda yake, hutiwa chumvi na kuanikwa, kisha huchanganywa na siki, pilipili, haradali, uwatu na kitunguu saumu kilichosagwa. Wengi huamini kuwa mafuta yanayofunika achari ndiyo yanayoilinda. Mafuta huzuia hewa, na ukungu hupata shida kuota. Lakini bakteria wa botulizimu, wenye sumu inayoweza kuua, hustawi hasa pasipo hewa. Kinachowazuia ni uchachu: pH ikiwa chini ya 4.6, hawaoti. Kipimo hicho lazima kichukuliwe kwenye chakula chenyewe baada ya siki kupenya vipande, na kichukuliwe kwa kila toleo, maana embe zilizoanza kuiva hupunguza uchachu. Kukisia kwa ulimi hakutoshi kwa chupa itakayokaa stoo miezi sita kabla ya kuliwa na mtoto wa mtu.

Tangu 2019, usimamizi wa usalama wa chakula nchini umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Lebo hubeba viambato, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Msimbopau wenye tarakimu za mwanzo 620, za Tanzania, haumsaidii mama anayenunua chupa moja ya kulia pilau. Unamsaidia mnunuzi wa supamaketi anayepita akitafuta bidhaa mpya, na mtu huyo mmoja anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mauzo ya wiki nzima.

Bandani, mbinu ya kuuzia ni kuonjesha. Achari ikilambwa tupu kwenye kijiko huchoma kwa chumvi na pilipili, na mgeni hukunja uso. Ikiwekwa juu ya kipande cha muhogo wa kuchemsha, ladha ya embe husikika, na mtu hukumbuka mlo wa kwao. Kila muonjaji hupewa kijiti chake, na mkono unaoshika fedha haugusi chakula; ndiyo maana banda linalofanya kazi vizuri huwa na watu wawili, hata likiwa dogo.

Mzalishaji aliyebanwa na gharama huanza kubania vionjo, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Chukua mfano wa chupa ya gramu 250 iliyogharimu shilingi 2,200 kuitengeneza na kuuzwa 5,000. Gharama za banda, usafiri na msaidizi kwa siku zote ziwe 600,000. Chupa moja ya kuonjesha, kwa gramu 5 kila mtu, huhudumia watu 50. Akinunua mmoja katika kila watano, kila mauzo hubeba shilingi 220 za vionjo, faida kwa chupa ni 2,580, na gharama hurudi baada ya kuuza chupa 233. Hata ikitokea kwamba hununua mmoja tu katika kila kumi, vionjo hupanda hadi 440 kwa mauzo na idadi inayohitajika ni 255, yaani nyongeza ya chupa 22. Sasa tazama bei ikishushwa hadi 4,000 kwa ajili ya mteja anayeng'ang'ania punguzo, hata akinunua mmoja katika kila watano: faida inabaki 1,580, na sharti ziuzwe chupa 380. Ukarimu wa vionjo ni nafuu. Punguzo ndilo ghali. Anayetaka kumfurahisha mteja amwongeze kipande kingine cha muhogo, asimguse bei.

Bei ya 5,000 ina faida nyingine: ni noti moja. Bei ya 4,700 huhitaji chenji ambayo asubuhi haipo, na foleni ikikwama kwa kutafuta shilingi 300, wanaosubiri huondoka. Namba ya malipo ya simu ibandikwe mahali inapoonekana kutoka njiani, na ujumbe wa malipo usomwe kwenye simu ya muuzaji kabla chupa haijakabidhiwa.

Kila jioni huhesabiwa vitu vitatu: chupa zilizouzwa, chupa zilizoonjeshwa, na namba za simu za waliouliza bei ya jumla. Uwiano wa mbili za kwanza huonyesha kama tatizo ni ladha au ni watu kutosimama. Bei ya jumla iwe imekwishaandikwa nyumbani, kwa kuwa anayeitafuta kichwani katikati ya umati huwa anataja ndogo mno. Waulizaji hupigiwa ndani ya wiki moja, kabla hawajasahau banda.

Chupa zinazobaki hukaguliwa moja moja. Yenye kifuniko kilichovimba au kinachovuja hutupwa bila kuonjwa, na toleo lake lote huwekwa kando mpaka chanzo kijulikane. Nzima hupangwa tena kwenye maboksi, kwani maonesho ya wakulima ya Nane Nane yako wiki chache mbele, na viwanja vya Morogoro ni safari ya basi ya saa chache kutoka Dar es Salaam.