Mzimu Mwenye Dai: Mwongozo wa Kupima Filamu za Kutisha na Katuni za Kijapani

Mtazamaji wa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, ana haki ya kuzipima filamu za kutisha za Kijapani kwa jicho lake mwenyewe, bila kungoja hukumu ya Paris wala ya Tokyo. Haki hiyo ina historia: mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alisafirisha takriban tani 1,200 za madini ya urani kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, hadi ghalani New York. Mgodi huo ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la Marekani, na Agosti 1945 Hiroshima ikateketea. Machi 1954 Wamarekani wakajaribu bomu la haidrojeni huko Bikini, majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa chombo cha Kijapani, Daigo Fukuryu Maru. Novemba ya mwaka huohuo Ishiro Honda akatoa filamu ya Gojira. Kwa hiyo zimwi mashuhuri kuliko yote ya sinema ya Japani lina nasaba inayopita chini ya udongo wa Katanga.

Gojira hakuinuka baharini kwa kupenda kwake. Aliamshwa na bomu la haidrojeni, akaunguzwa, akaja kudai. Hapo ndipo penye siri ya sanaa nzima ya kutisha ya Kijapani, na ndipo penye kipimo kinachoitangulia mizani yote mingine.

Kipimo cha kwanza: mzimu anadai nini?

Mwaka 1825 Tsuruya Nanboku wa Nne aliandika tamthilia ya Oiwa, mke aliyetiliwa sumu ili mumewe aoe mwingine. Nobuo Nakagawa aliitengenezea filamu mwaka 1959, na tangu hapo Oiwa amezaa ukoo mkubwa. Sadako wa Ringu (1998), filamu ya Hideo Nakata, alitupwa kisimani. Kayako wa Ju-On (2002), filamu ya Takashi Shimizu, aliuawa na mumewe nyumbani kwake. Wote wana nywele ndefu, lakini aliyeiga nywele peke yake hajaiga kitu. Kinachotisha ni kwamba mtu huyu alidhulumiwa, hakuna aliyemlipia, na sasa amekuja kwako wewe usiyehusika.

Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi katika miji ya migodi zilikuwa na mchoro wa mamba muntu sebuleni: mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, anayempa mtu utajiri kisha akataka alipwe kwa uhai. Waliouning'iniza mchoro ule ukutani walielewa kwamba mali huja na mdai wake. Mtazamaji aliyekulia mbele ya picha hiyo anamwelewa Sadako haraka kuliko mhakiki aliyesoma vitabu kumi.

Kwa hiyo filamu ikiisha, jaribu kusema kwa sentensi moja: nani anamdai nani, na anadai nini. Ukishindwa kabisa, huenda umetazama fataki tu. Ukiweza, uliza swali la pili: je, dai hilo ulilihisi katika matukio, au mhusika mmoja alisimama dakika kumi za mwisho akakuhutubia? Filamu dhaifu hulihutubia. Filamu nzuri hukuachia ulikusanye mwenyewe.

Kuna kazi moja iliyokigeuza kipimo hiki kuwa kisa chenyewe. Katika mfululizo wa katuni uitwao Mononoke (2007), ulioongozwa na Kenji Nakamura, muuza dawa mzururaji anabeba upanga wa kuwaua mapepo. Upanga hauchomoki alani mpaka ajue umbo la pepo, ukweli wa yaliyotokea, na sababu iliyo moyoni. Kila kisa kinakuwa kama kesi barazani: mashahidi wanaficha, wanajikanyaga, hatimaye wanakiri. Asiye na subira ataona maneno ni mengi. Mwenye kuijua sanaa hii ataona kwamba mapigano ni ya dakika chache kwa sababu kazi ngumu ilikuwa kusikiliza.

Bingwa halisi, hata hivyo, hulijua tarajio lako na kukugeuzia kibao. Ringu inamfikisha mwandishi wa habari Reiko Asakawa kwenye mifupa ya Sadako. Anaitoa kisimani, nasi tunapumua: deni limelipwa. Halikulipwa. Sadako alichotaka ni kanda yake ya video yenye laana inakiliwe na kupelekwa kwa mwingine. Katika mji kama Kolwezi, ambako filamu zenyewe hutembea kutoka fleshi hadi fleshi na kutoka simu hadi simu, mwisho huo unauma zaidi leo kuliko ulivyouma mwaka 1998.

Kipimo cha pili: kushtuka si kuogopa

Mlango ukibamizwa kwa kishindo mtoto na mzee watashtuka sawasawa. Hiyo ni kazi ya mishipa, si ya msanii. Ili kutenganisha mambo haya mawili, zima sauti katika sehemu inayosifiwa kuwa ya kutisha zaidi. Filamu inayotegemea kishindo itabakiza watu wanaokimbia na vinywa wazi. Sasa fanya hivyo na Kairo (2001) ya Kiyoshi Kurosawa, pale mwanamke anapotoka gizani akija polepole, kisha anateleza kidogo na kujiinua tena. Hakuna damu wala kucha, lakini mwili wako unakwambia uondoke. Au tazama Dark Water (2002) ya Nakata, ambamo adui wa mwanzo ni doa la maji darini. Doa linapanuka. Mama anapangusa, linarudi. Anayeweza kukutisha kwa doa ameiva katika kazi yake.

Kisha geuza jaribio: fumba macho usikilize. Katika Kaidan ya Masaki Kobayashi, iliyopata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1965, mtunzi Toru Takemitsu alitumia mlio wa mbao zinazopasuka mahali ambapo wengine wangemwaga vinanda. Ngurumo ya Gojira ilipatikana kwa kusugua glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu kwenye nyuzi zilizolegezwa za zeze kubwa la besi. Sauti ya namna hiyo hukaa kichwani kwa sababu hujawahi kuisikia, na huna jina la kuipa.

Hapa pana onyo kwa mashabiki wa filamu zilizosimuliwa. Afrika Mashariki ina wasanii wakubwa wa kazi hiyo, tangu Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya, hadi mavijei wa Kampala, nao wana ndugu wa zamani Japani kwenyewe: benshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia enzi za filamu bubu. Filamu ya ngumi au ya mapenzi hunoga kwa kinywa cha msimulizi. Lakini filamu ya Kurosawa imejengwa kwa ukimya, na msimulizi anayejaza ukimya huo, hata akiwa fundi kiasi gani, anaibomoa nyumba ili aipake rangi. Kwa filamu hizi tafuta sauti ya Kijapani yenye maandishi chini.

Kipimo cha tatu: mahali panafanya kazi gani?

Onibaba (1964) ya Kaneto Shindo inatokea katika matete marefu, wakati wa vita vya karne ya 14. Mama mkwe na mkaza mwana wanawavizia askari waliopotea, wanawaua, wanauza silaha na mavazi yao ili wapate nafaka, na maiti wanazitupa shimoni. Shimo hilo ndilo mhusika mkuu. Linaonekana mwanzo kabisa kabla ya mtu yeyote, na filamu nzima inalizunguka. Shindo haanzi na pepo; anaanza na njaa. Kinyago cha shetani kinakuja baadaye, na kinapoganda usoni mwa mvaaji tunajua alikwisha kuganda kabla hajakivaa.

Itazame ukiwa Kolwezi, mji ambao mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba uani na hata ndani ya nyumba walimolala. Shimo la riziki na shimo la kaburi linaweza kuwa shimo moja. Ndivyo Shindo anavyosema kwa picha tupu. Jiulize basi kuhusu filamu yoyote ya kutisha: kisa hiki kikihamishiwa mji mwingine, kitapoteza nini? Kama hakipotezi kitu, mahali palikuwa pambo.

Ubishi wa anime

Kwa katuni za Kijapani ubishi ni mkali zaidi, na pande zote tatu huukosea. Mzazi anasema katuni ni za watoto, basi zote ni salama. Mhubiri anasema zina mashetani, basi zote ni haramu. Kijana anasema hakuna sanaa inayozishinda, basi zote ni nzuri. Anime, yaani katuni hizo, ni njia ya kutengeneza filamu. Ndani yake mna za chekechea, za watu wazima, za upuuzi na za hekima. Perfect Blue (1997) ya Satoshi Kon ni katuni, nayo inahusu mwimbaji anayewindwa na kupoteza mpaka kati ya nafsi yake na sura wanayoiabudu mashabiki. Mtoto asiitazame. Mtu mzima anayedai katuni ni za watoto aitazame leo usiku.

Ubishi huu si wetu peke yetu, na kwa nchi zinazotumia Kifaransa una historia. Katuni ya Kijapani Goldorak ilipoingia televisheni ya Ufaransa mwaka 1978 watoto walipagawa na wazazi wakaingiwa na hofu. Mwaka 1989 mwanasiasa Ségolène Royal akaandika kitabu kizima cha kuzilaumu katuni hizo. Kibaya zaidi kilifanyika studioni. Hokuto no Ken, kisa kizito cha dunia iliyokwisha kuungua, kilipoletwa kwa Kifaransa mwaka 1988 waigizaji wa sauti walichukizwa na ukatili wake, wakaanza kuingiza mizaha ya kwao. Anayeukumbuka mfululizo ule kama kichekesho anaikumbuka kazi ya studio ya Ufaransa. Kabla ya kusifu au kulaani, uliza umetazama toleo gani.

Katika ufundi, kosa la kawaida ni kuhesabu mwendo. Tangu Astro Boy ya Osamu Tezuka ianze kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1963, televisheni ya Japani imeishi kwa kubana: badala ya michoro 24 kwa sekunde, hutumia 12, au 8, au picha moja iliyotulia huku kamera ikisogea. Usilaumu picha kutulia. Angalia fundi ametumia wapi mwendo aliokuwa nao. Studio dhaifu huumwaga wote katika mapigano, kisha nyuso za watu hubaki mbao. Studio nzuri huuweka pia katika mkono unaositasita kushika kikombe.

Kazi ya kupimia mizani hii yote ni Princess Mononoke (1997) ya Hayao Miyazaki. Inaanza na nguruwe mkubwa aliyegeuka pepo la laana, na ndani ya mwili wake mnatolewa kipande cha chuma. Kijana Ashitaka, aliyeambukizwa laana mkononi, anafuata chuma hicho hadi mji wa kuyeyushia madini. Anatarajia kumkuta shetani. Anamkuta Bibi Eboshi, anayekata msitu na kuua miungu yake, lakini pia amewakomboa wanawake kutoka madanguro na kuwapa kazi wagonjwa wa ukoma ambao hakuna aliyewataka. Msitu unadai, na wafanyakazi nao wanadai. Watu wa mji unaokula kutokana na shimo wataielewa hesabu hiyo bila mkalimani, na watamheshimu Miyazaki kwa kutoidanganya.

Na tusiseme ufundi uko mbali. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi walitoa Machini, filamu fupi ya katuni ya takriban dakika kumi, iliyotengenezwa kwa mawe na chaki, juu ya watu wanaoishi katika moshi na vumbi la viwanda vya madini. Mawe yenyewe yanakuwa watu. Ipime kwa vipimo vitatu vilevile: ina dai, ina hofu isiyotegemea kishindo, na mahali pake hapahamishiki.

Kabla ya kukaa chini

Angalia nakala. Filamu ya kutisha ya Kijapani huishi gizani, na nakala iliyobanwa mno hugeuza giza kuwa viraka vya mraba vinavyotetemeka. Ijaribu kwenye sehemu ya usiku, si ya mchana. Simu juani haifai. Ngoja jioni, uvae vipokea sauti. Na kama filamu ina toleo la Kimarekani, kama Ringu na Ju-On, anza na la Kijapani.

Mgeni wa sanaa hii aanze na Dark Water, kisha Ringu, kisha Onibaba. Kairo aiache mpaka azoee mwendo wa polepole. Mwenye vijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu akae nao watazame Princess Mononoke, kisha awaulize nani alikuwa na haki. Wakimjibu haraka, awarudishie filamu waitazame tena.