Majina ya Mahali katika Mishamo

Husemwa mara nyingi kwamba Mishamo ilikuwa pori tupu hadi mwaka 1978, yalipofunguliwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Kauli hiyo hatuikubali. Pori la miombo si tupu kwa mrina asali. Wabende na Watongwe, wenyeji wa nchi ile, waliwinda na kutundika mizinga, na mtu hawezi kumwelekeza mwenziwe mzinga ulipo pasipo kuvitaja vijito na vilima kwa majina. Mpango wa makazi ulihesabu vijiji 16. Hesabu ni kitu chema, lakini haisemi kijito kiliitwaje.

Hapana budi majina hayo yakusanywe upesi. Ila twaomba kazi ifanywe kwa uangalifu kuliko ilivyozoeleka. Mkoa, ulioundwa mwaka 2012, waitwa Katavi. Wabende husimulia habari za Katabi, mzimu ambaye makao yake ni mkwaju ulio karibu na ziwa, na watu humpelekea sadaka hapo. Herufi moja ilibadilika katika kuandikwa, na mtoto wa shule alisomapo neno hilo kwenye kibao cha barabarani haoni mzimu wala mkwaju.

Wilaya nayo yaitwa Tanganyika. Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858, alieleza kuwa jina latokana na kukutana kwa maji. Stanley baadaye akaona humo neno nyika, yaani uwanda. Hawawezi kuwa sahihi wote wawili, na huenda hakuna aliye sahihi. Kila mmoja alishika silabi akaitafutia neno la kufanana nayo. Kasoro hiyo yatuandama hata sisi: mkusanyaji humwuliza mzee kwa Kiswahili, "Maana yake nini?", naye mzee, kwa adabu ya kumpokea mgeni, hutunga jibu. Afadhali aulizwe wenyewe hulitamkaje, na ni kisa gani kilitokea pale. Jina lisilojulikana maana liandikwe hivyo hivyo, bila kubuniwa.

Wako watakaosema kwamba majina ya Kibende na Kitongwe tu ndiyo ya asili, na yale ya Kirundi yaachwe. Hapa twapingana nao. Wengi wa waliokuja mwaka 1972 wamekuwa raia, na hati zao zilianza kugawiwa mwaka 2014. Mama aliyefyeka shamba na kumzika mzazi wake ubavuni mwa kilima hakukiacha kilima hicho bila jina. Kumfutia jina lake ni kumwambia kwamba bado yu safarini. Majina yote mawili na yakae katika karatasi moja, kila moja na msemaji wake, hata yakipingana.

Waliofika wakiwa watu wazima sasa ni wachache, na warina asali wakongwe vilevile. Mkusanyaji asiwaite ofisini mwa kata. Aandamane nao porini wakati wa kurina, kijito kwa kijito, aandike palepale wanaposimama.