Jini Hatongozwi: Kuhusu Mvuto, Hekima na Masharti

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons kuna kada ya wahusika iitwayo Warlock. Ni mtu aliyefunga mapatano na kiumbe kikubwa kuliko yeye, akapewa uwezo ambao hakuusomea wala hakuzaliwa nao. Hapa nitamwita mla yamini, kwa sababu kiapo ndicho kilichomfikisha alipo. Kitabu cha kanuni kinasema mla yamini anafanya mambo yake kwa Mvuto. Mvuto! Yaani ile sifa ya mtu mwenye ulimi mtamu, akiingia barazani watu wanageuka. Na kwenye meza nyingi huja siku mchezaji mmoja akauliza: kwani jini anatongozwa? Tubadilishe bwana. Tumpe Akili, au tumpe Hekima.

Wengi hulichukulia swali hili kama la mahesabu. Mimi naliona ni swali la fasihi, tena zito, na nadhani mwambao wetu, kutoka Bagamoyo kupanda Saadani, Pangani hadi Tanga, una majibu ambayo waandishi wa kitabu hawakuyawazia.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mezani, nieleze kidogo. Kila mhusika ana sifa sita, kila moja na alama zake: Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Hekima na Mvuto. Kada zinazotumia mambo ya ajabu hupewa sifa moja iwe ndiyo kuu. Mla yamini anayeanza, mwenye Mvuto wa alama 16, anapata nyongeza ya 3. Unachukua 8, unaongeza 2 za ujuzi wake, unaongeza zile 3, unapata 13. Adui anatupa dadu ya pande 20. Akifika 13 amejinasua. Sasa mpe mhusika huyohuyo Mvuto wa alama 8. Nyongeza inageuka kuwa pungufu ya 1, na kizingiti kinashuka hadi 9. Adui asiye na nyongeza yoyote, aliyekuwa akijinasua mara 8 katika 20, sasa anajinasua mara 12. Kwa hiyo sifa kuu ndiyo inayoamua nani anafaa kuwa mla yamini na nani atachekwa akijaribu. Bubu mwaminifu hafai. Tapeli msemaji anafaa sana.

Na kitabu chenyewe hakijatulia kwenye jambo hili. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 hapakuwa na mla yamini. Toleo la tatu, mwaka 2000, ndilo lililofanya jambo la maana: liliweka kada mbili zenye orodha moja ya maajabu, mmoja akiyapata kwa kusoma na kutumia Akili, mwingine akizaliwa nayo na kutumia Mvuto. Ajabu ileile, chanzo tofauti, sifa tofauti. Mla yamini akaingia mwaka 2004, naye akapewa Mvuto. Toleo la nne, mwaka 2008, likamgawa kulingana na nani alifunga naye mapatano: wengine Mvuto, wengine Siha, yaani uimara wa mwili. Toleo la tano, mwaka 2014, likarudi kwenye Mvuto peke yake, ingawa maelezo yake yanamchora mla yamini kama mtafutaji wa elimu iliyofichika. Maneno yanasema msomi, hesabu inasema msemaji. Mwaka 2023 wachapishaji walijaribisha rasimu iliyomruhusu atumie sifa nyingine. Kitabu kilipotoka 2024, Mvuto ulikuwa umerudi kitini.

Kwa nini wanayumba? Kwa maoni yangu ni kwa sababu wanajiuliza nguvu zinatoka wapi, na mapatano hayajibu swali hilo vizuri. Nguvu zinatoka kwa jini, basi, yameisha. Swali lenye faida ni jingine: nguvu hizi zikimtoka, zitakuwa zimemtoka kwa kukosa nini?

Hapo ndipo Bagamoyo inapoingia. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Mhariri alikuwa Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya kazi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na kufia hukohuko mwaka 1927. Kina kurasa juu ya pepo, waganga na wachawi, na kinachonivutia ni jinsi kinavyosimulia. Mwandishi hashangai wala haombi radhi. Anaeleza kazi kama mtu anayeeleza ususi au uvuvi: anayefanya ni nani, vifaa vyake ni vipi, mgonjwa anatoa nini. Ukikisoma ukiwa na mchezo huu kichwani, unaona kwamba mwambao una waganga wa namna kadhaa, na kila mmoja anashindwa kwa namna yake.

Chukua mganga wa kitabu. Anahesabu jina lako na la mama yako kwa abjadi hadi apate nyota yako kati ya zile 12. Anapiga ramli na kusoma alama zake 16. Anaandika kombe kwa zafarani. Huyu akikosea, amekosea hesabu au amesoma vibaya. Kanuni za mchezo zinamfahamu tayari: ni Akili.

Chukua fundi wa pepo. Kwa kawaida huyu alianza kuwa mgonjwa. Pepo alimpanda, akapungwa, akawa kiti, na baada ya miaka akawa anawapunga wengine. Anakesha ngomani. Mwili wake ndio chombo, na mwili ukichoka kazi imekwisha. Toleo la 2008 lililompa mla yamini Siha, bila kujua, lilikuwa limekaribia uwanja wa ngoma wa Bagamoyo kuliko toleo lolote lililofuata.

Kisha yupo mwenye neno, na mfano wake mkubwa uko kusini kidogo, Ngarambe. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, juu ya mtu aliyetoka mtoni na maji yanayosemekana yangezuia risasi za Wajerumani. Historia inajulikana: vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na risasi hazikuzuilika. Lakini Hussein hakuandika mchezo wa kumcheka mganga. Kinjeketile wake anaanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe wakati neno limeshawaunganisha watu waliokuwa hawaunganiki. Mwishoni anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kauli hiyo itafanya kazi gani kwa watoto watakaozaliwa. Huo ndio Mvuto kwa maana yake nzito: nguvu iliyomo ndani ya wanaoamini, inayokufa siku wakiacha. Kwa mtu kama huyu, msiiguse kanuni. Mvuto ni haki yake.

Sasa twende kwa mla yamini mwenyewe. Nadhani picha yake bora kwa Kiswahili imo katika Adili na Nduguze, aliyoitoa Shaaban Robert, mwana wa Tanga, mwaka 1952. Adili, mtawala wa Janibu, ana manyani wawili anaowapiga kila usiku. Ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Aliyewageuza ni jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, na ndiye aliyeamuru wapigwe. Adili hafurahii kazi ile hata kidogo, lakini amri ni amri.

Angalieni jinsi mapatano haya yalivyokuja. Adili hakumbembeleza jini. Hakumsoma kitabuni. Alitenda wema pasipo kujua anamtendea nani. Na yanavyodumu: kwa kushika sharti, usiku baada ya usiku, hata linapomuumiza. Jina la mhusika ndilo alama zake. Akiacha kuwa mtu wa kushika ahadi, hadithi haina mahali pa kwenda.

Hii ndiyo mantiki ya masharti tunayoijua tangu utotoni. Usile samaki wa aina fulani. Usipeane mkono hadi Ijumaa. Usigeuke nyuma ukitoka pale. Ukiuliza kwa nini dawa haikufanya kazi, jibu la kwanza ni lilelile: masharti yalivunjwa. Sifa inayomwezesha mtu kushika sharti, kulikumbuka wakati amechoka, kuona mtego ndani ya maneno ya jini, katika mchezo huu ni Hekima. Na hapa naona kasoro kubwa ya kitabu, kubwa kuliko suala la sifa: hakina kanuni inayomnyang'anya mla yamini uwezo wake akivunja ahadi. Kila kitu kimeachiwa msimamizi wa mchezo. Mkataba usiovunjika si mkataba, ni pambo. Ukimhamishia mla yamini kwenye Hekima bila kumwekea masharti matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, umebadilisha namba tu.

Kuna watakaosema: ndugu, hili ni gemu, mnatafuta nini? Nawajibu kwamba majina tunayoyachezea yana watu nyuma yao. Nimesikia meza zikimtafsiri Warlock kuwa mchawi, bila kufikiri. Kwa Kiswahili mchawi si kada. Hakuna anayejaza karatasi akaandika kazi yake: mchawi. Ni jina unalopewa na wengine, mara nyingi ukiwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, na katika nchi yetu jina hilo limeua. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kiswahili cha magazeti kina msemo wake kabisa: ramli chonganishi. Mteja anaingia na huzuni, anatoka na jina la jirani.

Sasa tazama ramli chonganishi kwa macho ya kanuni. Inatumia sifa gani? Si Akili, maana hesabu hapo ni urembo. Si Hekima. Ni Mvuto mtupu: uwezo wa kumfanya mtu aamini, na aliyeaminishwa ndiye anayeshika panga. Kwa hiyo kumpa kila mwenye mapatano Mvuto ni kusema kwamba waganga wote, mwisho wa siku, ni wasemaji. Wapo wa hivyo. Lakini kanuni isiyoweza kumtofautisha Adili na mpiga ramli chonganishi imetunyima hadithi nzuri kuliko zote, ile ya mtu aliyeshika ahadi ngumu mbele ya mtu anayeuza maneno.

Upande wa mizani ya mchezo, nitakuwa mkweli, mabadiliko haya si sawa kwa sawa. Hekima si tatizo kubwa. Mla yamini atakuwa mwepesi wa kuona na mgumu kuhadaiwa, lakini atapoteza ulaini wa kujadiliana na mabwana wakubwa, na meza itahitaji msemaji mwingine. Akili ni salama zaidi, ila inamfanya afanane mno na mganga wa kitabu, na kuna faida gani ya kuwa na kada mbili zinazosimulia jambo moja? Siha ndiyo ya kuangalia, kwa sababu ndiyo pia inayoongeza uhai wa mhusika. Ukimpa fundi wa pepo Siha, anavuna mara mbili kwenye shamba moja. Njia ninayoipendekeza ni kumtoza: kila ajabu kubwa imgharimu sehemu ya uhai huohuo. Na akipandwa, pepo aseme kwa kinywa cha msimamizi wa mchezo, mchezaji anyamaze. Hapo hata mwenye uroho wa alama atafikiri mara mbili.

Kampeni yenu ikipita Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, yale makaburi ya nguzo na kisima cha maji baridi hatua chache kutoka baharini, msimamizi atataka kumweka mtu pale. Kabla hajatafuta jina wala silaha, na amwulize mchezaji swali lile: zikikutoka, zitakutoka kwa kukosa nini? Akijibu kusoma, mpe Akili. Akijibu mwili, mpe Siha. Akijibu watu, mwachie Mvuto wake. Akisita, kisha akasema kuna jambo alilokatazwa na anaogopa siku moja atalisahau, mpe Hekima, na sharti hilo liandikwe kwa wino.